Daftari la Wengi: Kuilinda Kahawa ya Ngara na Biharamulo Kutoka Kibanjani Hadi Mnadani

Kama umewahi kukaa kwenye kikao cha VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, mpaka mwisho, blokucheni umekwisha kuiona ikifanya kazi, ila hakuna aliyeitaja kwa jina hilo. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu wasiolala nyumba moja. Kabla halijafungwa, pesa zinahesabiwa mbele ya wote, salio linatajwa kwa sauti, na kila mwanachama anaambiwa alishike kichwani. Wiki inayofuata, kabla ya jambo lolote, wanaulizwa: tuliacha shilingi ngapi? Daftari likilowa mvua, salio halipotei. Katibu akibadilisha tarakimu usiku, asubuhi wanachama wote watamkana.

Blokucheni ni kikao hicho kilichohamishiwa kwenye kompyuta. Ni daftari moja lenye nakala kwa washirika kadhaa. Kila anayeandika anatia sahihi yake ya siri. Kila ukurasa mpya unabeba alama iliyotokana na ukurasa uliotangulia, kwa hiyo mtu akigusa tarakimu moja ya mwezi uliopita, kurasa zote zilizofuata zinakataa kulingana, na nakala za wenzake zinamuumbua. Zaidi ya hapo hakuna muujiza. Wala hakuna ulazima wa sarafu za mtandaoni. Mtu akija chamani akasema mfumo hauendi mpaka wanachama wanunue sarafu yake, mkatalieni siku hiyohiyo; Benki Kuu ilishatoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizo si fedha halali nchini.

Nawaandikia viongozi wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika), makarani wa vituo, na vijana wa kompyuta wanaoitwa kuwatengenezea mifumo. Nazungumzia kahawa kwa sababu ndiyo niliyoifuata kutoka kibanja hadi ghala. Wa pamba na tumbaku kule Biharamulo watabadilisha majina ya vituo, kazi ni ileile.

Mnyororo unakatikia wapi

Watu wakisema ugavi uwe himilivu, mawazo yanakimbilia mambo makubwa, na ni kweli yapo. Mwaka 2020 korona ilipoingia, Rwanda ilitaka madereva wa kigeni wakabidhi malori kwa madereva wengine mpakani, na foleni ya Rusumo ikawa habari ya Afrika Mashariki nzima. Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa Biharamulo, na hadi serikali ilipotangaza umekwisha, tarehe 13 Machi, kila aliyekuwa na mzigo au safari ya kupitia wilaya ile alikuwa na la kujiuliza. Barabara inayoshuka kutoka Rusumo kupita Benaco, Nyakahura na Lusahunga hadi Nyakanazi ni moja. Ikifungwa kwa sababu yoyote, semi-treila haina njia rahisi ya kuzungukia.

Lakini mkatiko mkubwa kuliko yote hautangazwi redioni. Unaitwa butura. Januari karo inadaiwa, mtoto anaumwa, na kahawa kibanjani ingali maua na punje changa. Mtu anakuja na pesa mkononi, anaandika kwenye karatasi ya daftari la shule, na mkulima anatia dole gumba. Kufikia mavuno, ile kahawa si yake tena. Inavunwa na mwenye pesa, mara nyingi ikiwa mbichi, inapakiwa kwenye pikipiki usiku na kuvushwa mpaka. Chama kilichotarajia tani kadhaa kinapata chini ya hapo, mkataba na mnunuzi unayumba, na msimu unaofuata mnunuzi anakwenda kwingine. Mnyororo ulikatika Januari, kwenye ua, na hakuna lori lililokuwa limewashwa.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama mfumo wako una maana, uliza swali hili kwanza: je, utamwezesha mama mwenye miti 200 ya kahawa kupata mkopo mdogo Januari bila kuuza maua? Mkopeshaji akiona kwamba kwa miaka mitano mfululizo amepeleka kilo zake kituoni, na rekodi hiyo haikuandikwa juzi kwa ajili ya kuombea mkopo, ana msingi wa kumkopesha. Daftari la karani peke yake halimtoshi, kwa sababu anajua linaweza kuandikwa upya usiku mmoja. Daftari lenye nakala tano mikononi mwa watu watano linamtosha zaidi.

Je, mnalihitaji kweli?

Si kila chama kinalihitaji. Kama anayeandika ni mmoja na anayesoma ni huyohuyo, tumieni jedwali la kawaida la kompyuta, mtaokoa pesa. Blokucheni ina faida pale ambapo waandishi ni zaidi ya mmoja, kila mmoja ana sababu ya kumshuku mwenzake, na hakuna anayekubali mwenzake ashike daftari peke yake. Kwenye kahawa hali ndiyo hiyo: chama cha msingi, chama kikuu, mwenye ghala, kiwanda cha kukoboa, benki, mnunuzi. Kila mmoja ana kitabu chake, na vitabu hivyo havifanani.

Chora safari kabla ya kununua chochote

Chukua karatasi kubwa, kaa na karani, dereva na mtunza ghala, mchore kila mahali mzigo unapobadilisha mikono. Kibanja, kituo cha kukusanyia, ghala la chama, kiwanda cha kukoboa, mnada, lori, bandari ya Dar es Salaam. Msichore barabara, choreni makabidhiano. Kila kabidhiano ni mstari mmoja kwenye daftari, wenye sahihi mbili: ya anayetoa na ya anayepokea. Makabidhiano yakizidi kumi, mmeingiza mambo yasiyohitajika. Yakipungua manne, kuna mtu mmemsahau, na mara nyingi aliyesahauliwa ndiye mwenye pikipiki anayetoa magunia vijijini.

Kwa kila mstari andikeni machache: namba ya mwanachama, namba ya loti, idadi ya magunia, uzito, unyevu, tarehe na saa, kituo. Msishawishike kuongeza nafasi za kujaza. Karani mwenye watu arobaini kwenye foleni akipewa nafasi ishirini atajaza uongo kwenye kumi na tano.

Mizani ndiyo kila kitu

Msimu mmoja nilikaa siku nzima kwenye kituo cha chama kimoja, nikiangalia mizani. Mama mmoja akaleta gunia la maganda, mshale ukasimama kwenye 58 na nusu. Karani akaandika 58. Nikamuuliza ile nusu imekwenda wapi. Akanijibu kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mgeni mila ya nyumbani: "Hiyo ni ya gunia, mzee." Nikaomba gunia tupu lipimwe. Lilikuwa la plastiki, mshale haukutikisika. Siku ile yalipimwa magunia zaidi ya 200. Nusu kilo mara 200 ni kilo 100, gunia moja na zaidi la maganda kwa siku, kutoka mikononi mwa watu ambao hakuna hata mmoja aliyeibiwa kiasi cha kumfanya apige kelele.

Nakuomba ulibebe hilo. Blokucheni ingeipokea ile 58, ikaitia sahihi, ikaisambaza kwenye nakala tano na kuilinda isiguswe na mtu miaka yote. Teknolojia hii inazuia rekodi isibadilishwe baada ya kuandikwa. Haina macho ya kuona mshale. Fundi yeyote anayekuuzia mfumo bila kuuliza habari za mizani hajui kazi aliyokuja kufanya.

Basi fanyeni hivi. Mizani ihakikiwe na Wakala wa Vipimo, na stika ya mwaka huu ionekane na kila anayekaribia. Gunia tupu lipimwe asubuhi mbele ya watu, na uzito wake uandikwe ubaoni. Karani asome uzito kwa sauti kabla ya kuandika, mkulima aukariri. Risiti ya karatasi itoke palepale, hata kama simu ipo, kwa sababu karatasi haiishiwi chaji. Kisha ujumbe mfupi uende kwenye simu ya mkulima, na hapa kiswaswadu kinatosha, hakuna haja ya simu janja: loti fulani, magunia matatu, kilo 174.5, kama ni sawa jibu 1, kama si sawa jibu 2. Jibu lake ndilo sahihi ya pili. Asiye na simu amtaje jirani au mtoto anayemwamini, na jina hilo liandikwe siku ya kujiandikisha. Lisije likabuniwa kituoni.

Unyevu nao upimwe kwa kifaa. Wengi bado wanauma punje kwa meno, na wazoefu wanapatia, lakini benki haikopeshi kwa meno ya mtu. Robusta iliyokauka vizuri iko karibu asilimia 12 au 13. Kahawa iliyopokelewa ikiwa na maji mengi itapungua uzito ghalani, na kupungua huko ndiko kunakotumika kufunika wizi.

Hesabu inayokamata magendo

Hapa ndipo daftari la pamoja linapoanza kulipa gharama yake. Robusta ya maganda ikikobolewa hubaki karibu nusu ya uzito. Loti ya kilo 1,000 za maganda itatoa kilo 500 hivi za kahawa safi, ikizidi au ikipungua kidogo kulingana na ukavu na ubora. Sasa kama kituo kiliandika 1,000 na kiwanda kikaandika 700, kuna kahawa ya nje iliyochomekwa njiani. Kiwanda kikiandika 350, kuna iliyoshuka kwenye lori. Mfumo uwekewe kengele: tofauti ikivuka kiwango mlichokubaliana, loti isimame na isiende mnadani mpaka watu wawili waieleze kwa maandishi.

Kengele hii haihitaji blokucheni ili ilie. Inaihitaji ili tarakimu ya kituo isije ikarekebishwa kimyakimya ifanane na ya kiwanda baada ya kengele kulia. Nimeona vitabu vikirekebishwa namna hiyo. Hesabu zinakaa sawa kabisa, na kilo hazipo.

Nani ashike nakala

Chagueni washirika watano au sita, si zaidi mwanzoni: chama cha msingi, chama kikuu, mwenye ghala, benki inayokopesha, mnunuzi, na ofisi ya ushirika ya wilaya. Programu za daftari la wanachama pekee, mfano Hyperledger Fabric inayosimamiwa na Linux Foundation, zinapatikana bila malipo ya leseni, na kompyuta inayotosha kushika nakala si ya bei ya kutisha. Nakala zisikae jengo moja wala mji mmoja. Umeme ukikatika Ngara mjini, ya Biharamulo iendelee. Intaneti ikianguka mkoa mzima, ya Dar es Salaam iwepo.

Kituoni kwenyewe mtandao hautakuwepo siku nyingi, na mpange hivyo tangu mwanzo. Simu ya karani ihifadhi rekodi ndani yake na kuzituma jioni inapopata mnara. Kinachotakiwa ni namba za risiti zifuatane bila pengo. Risiti 0412 ikifuatwa na 0414, mfumo uulize ya 0413 iko wapi.

Msijenge kitu cha kushindana na mifumo ya serikali, kwani kitawachosha na kuwagombanisha. Mfumo wa stakabadhi ghalani una sheria yake tangu 2005, minada mingi ya mazao inaendeshwa kupitia Soko la Bidhaa la TMX, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake wa usimamizi wa vyama, MUVU. Namba ya stakabadhi na namba ya mnada ziingizwe kwenye daftari lenu kama nyuzi za kushonea. Atakayetaka kujua bei ya mnada ilimfikia mkulima au ilikwama wapi, aishike namba moja na kuifuata mpaka mwisho.

Mahali pa kibanja

Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni inayotaka kahawa inayoingia kwao isitoke kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020, na kila shamba liwe na mahali panapojulikana kwenye ramani. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, na kuna wanaosema haitafika. Mimi nawashauri msisubiri. Kwa shamba lisilofika hekta 4, kanuni inaridhika na nukta moja ya GPS, na vibanja vyetu karibu vyote viko chini ya hapo. Kijana mwenye simu janja na pikipiki atachukua nukta za kijiji kwa siku chache. Waanze na wale walio pembezoni mwa misitu na karibu na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, maana wao ndio watakaoulizwa kwanza, na wao ndio watakaoumia kahawa yao ikichanganywa na ya mtu aliyefyeka jana.

Majina ya watu yasiingie kwenye daftari la pamoja. Kilichoingia humo hakifutiki, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki juu ya taarifa zake. Wekeni namba tu. Orodha inayofungamanisha namba na jina, simu na kibanja ikae chamani, chini ya ufunguo, na iweze kurekebishwa.

Kosa, ufunguo na karani aliyehama

Karani atakosea. Ataandika 85 badala ya 58, na mstari hautafutika. Wekeni utaratibu wa mstari wa marekebisho: unaandikwa chini, unataja mstari wa awali, na unatiwa sahihi na karani pamoja na mjumbe mmoja wa bodi. Mkaguzi akiona marekebisho machache yaliyoelezwa vizuri, ataamini daftari zaidi kuliko lile lisilo na kosa hata moja.

Sahihi ya siri ya karani ni yake peke yake. Akihama, ifungwe siku hiyohiyo. Nimekuta kituo ambacho nywila imebandikwa ukutani kwa gundi, juu ya kalenda, na vijana watatu wanaitumia. Mfumo ule haukuwa na thamani yoyote, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema nani aliandika nini.

Waliotangulia

Ng'ambo tu ya Mto Kagera, mwaka 2018, kampuni ya Uingereza iitwayo Circulor ilianza na mshirika wake kufuatilia tantalamu ya Rwanda kwa blokucheni, kwa mifuko yenye msimbo wa kusomwa na simu tangu mgodini. Walianzia pale madini yanapotoka ardhini, na hilo ndilo la kuiga. Nikeli ya Kabanga, ndani ya Ngara, itakapoanza kutoka, wanunuzi wa betri watauliza maswali hayohayo. Kijana aliyejifunza kazi hii kwenye kahawa atakuwa na pa kushika.

Walmart walipojaribu Marekani, walipata asili ya embe zilizokatwa kwa sekunde 2.2, kazi iliyokuwa ikichukua karibu siku saba. Usidanganyike na zile sekunde. Zilipatikana kwa sababu kila kabidhiano lilikuwa limeandikwa kabla.

Na wapo walioshindwa. Maersk na IBM waliunda TradeLens mwaka 2018 kwa ajili ya mizigo ya meli, wakiwa na pesa na wataalamu wa kutosha, na mwishoni mwa 2022 wakatangaza kuifunga, wakieleza kwamba ushirikiano wa sekta nzima haukupatikana. Wengine kwenye biashara ya meli walikuwa wazito kutegemea daftari lililoanzishwa na mshindani wao. Likumbukeni hilo siku mnunuzi mmoja mkubwa atakapojitolea kuwalipia mfumo wote. Mkaribisheni awe mshirika mmoja kati ya watano, na ada igawanywe kwa kilo, kila mmoja atoe chake. Mfumo unaolipiwa na mradi wa mfadhili nao utazimwa mradi ukiisha, kwa hiyo ulizeni tangu kikao cha kwanza nani atalipa mwaka wa nne.

Jaribuni kuuvunja

Kabla ya msimu, fanyeni siku moja ya majaribio. Zimeni kompyuta mbili kati ya tano, mwone kama kazi inaendelea. Badilisheni tarakimu moja kwenye nakala ya chama kikuu, mwone kama wengine wanaikataa na kwa dakika ngapi. Chagueni gunia moja ghalani bila kumwambia mtu, na mkabidhini mjumbe wa bodi asiyejua kompyuta ajaribu kulifuatilia daftarini hadi kwenye kituo na namba za wanachama. Akishindwa yeye, mmeshindwa nyote. Kisha igizeni kwamba mpaka umefungwa na barabara ya Lusahunga haipitiki kwa wiki mbili. Kila mshirika aseme, kwa kuangalia daftari tu na bila kupiga simu, mzigo uko wapi, una unyevu kiasi gani, ghala gani lina nafasi, na benki inaweza kutoa kiasi gani juu ya stakabadhi zilizopo. Daftari halivushi lori, lakini wanaojua mzigo wao ulipo huamua kwa saa chache, na wasiojua hushinda wakipigiana simu huku kahawa ikivuta unyevunyevu.

Anzeni na kituo kimoja, msimu mmoja. Na hata kama bodi yenu haijaamua lolote kuhusu kompyuta, kuna jambo lisilohitaji kikao wala mfadhili: siku kituo kitakapofunguliwa, simama karibu na mizani, pima gunia tupu mbele ya watu, na umwombe karani asome uzito kwa sauti, pamoja na ile nusu.